Nini huwafanya askari wa mwili wa mtoto wako waishi au wafe wakati wa homa?

Umeamka usiku wa manane. Bahari imetulia, nyumba nzima imelala, lakini mtoto aliye pembeni yako anachemka. Unagusa shingo yake kwa mgongo wa mkono, unagusa tumbo, unajiuliza: niamke sasa, au nisubiri kukuche? Nimpe dawa iliyobaki wiki iliyopita, au nimpeleke zahanati?

Wazazi na walezi wa Msimbati, Mnazi, Madimba na vijiji vingine vya pwani hii hadi mdomo wa Mto Ruvuma wanaujua usiku wa namna hiyo. Mtwara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, karibu mtoto 1 kati ya 5 wa umri chini ya miaka mitano mkoani humu alikutwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa mtoto 8 kati ya 100.

Makala hii inaeleza jambo linalotokea ndani ya mwili wa mtoto wako usiku huo, jambo usiloweza kuliona kwa macho. Ukilielewa, utaelewa pia kwa nini mhudumu wa afya anakusisitizia umalize dozi, umpeleke mtoto chanjo kwa wakati, na uendelee kunyonyesha hata mtoto akiwa mgonjwa.

Askari wanaofundishwa kifuani

Ndani ya damu kuna seli nyekundu zinazobeba hewa na seli nyeupe zinazolinda mwili. Seli nyeupe ni za aina nyingi. Leo tunazungumzia aina moja inayoitwa seli T.

Kama umewahi kusikia mtu akisema "CD4 zangu zimeshuka", basi umeshasikia habari za seli T. CD4 ni kundi moja la seli hizo. Kazi yake ni kuongoza: huamsha askari wengine na kusaidia mwili kutengeneza kingamwili, yaani silaha zinazoelea ndani ya damu. Kundi la pili linaitwa CD8. Hizi hutafuta seli za mwili zilizoingiliwa na virusi na kuziua kabla virusi hawajazaliana.

Seli T huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha huenda kufundishwa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Tezi hiyo inaitwa thaimasi. Kwa muda mrefu madaktari hawakujua kazi yake. Mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, akifanya kazi London, alionesha kuwa panya walioondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa walikosa kinga na kuugua ovyo.

Mafunzo ya thaimasi ni makali. Zaidi ya seli 9 kati ya 10 zinazoingia humo hufa kabla ya kuhitimu. Hufa kwa sababu hazitambui kitu, au kwa sababu zingeweza kuushambulia mwili wenyewe. Zinazobaki ndizo zinazosambazwa kwenye damu na kwenye mitoki, yale matezi unayoyagusa shingoni na kwapani mtoto anapougua.

Thaimasi hufanya kazi kubwa zaidi utotoni. Baada ya hapo husinyaa kidogo kidogo kadiri mtu anavyokua. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya mtoto wako ndiyo miaka ambayo jeshi lake linaundwa.

Mbiu na posho

Tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwili nao una mbiu zake. Seli haziwezi kuzungumza, kwa hiyo hutoa protini ndogo sana ambazo seli nyingine huzipokea na kuelewa la kufanya. Protini hizo zinaitwa saitokini. Baadhi ya saitokini huitwa intalukini na hupewa namba, na nyingine huitwa intaferoni.

Saitokini hufanya kazi mbili kubwa kwa seli T.

Kazi ya kwanza ni kutoa taarifa: "adui ameingia", "njooni hapa", "ongezekeni", "sasa poeni".

Kazi ya pili haijulikani na wengi, nayo ni kuzipa seli ruhusa ya kuendelea kuishi. Kila seli T imebeba ndani yake mpango wa kujiua. Isipopokea ishara ya kuishi, mpango huo huanza na seli husambaratika kimya kimya. Fikiria mlinzi anayelipwa posho ya kila siku. Siku posho isipofika, hawezi kubaki lindoni.

Posho ya kila siku ya seli T inaitwa intalukini ya 7. Hutengenezwa na seli za kawaida zilizo ndani ya mitoki, uboho na thaimasi. Seli T inapoipokea, huongeza protini ya ulinzi inayozuia kujiua. Posho hii haitoki kwa wingi usio na kikomo, hivyo seli T huigombania. Ndiyo njia mojawapo ambayo mwili huhakikisha jeshi haliwi dogo mno wala kubwa mno.

Tunajua umuhimu wa ishara hizi kwa sababu wapo watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayofanya seli zao zishindwe kuzipokea. Mmoja aliyejulikana sana ni David Vetter wa Texas, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1971. Alikaa karibu maisha yake yote ndani ya chumba cha plastiki kisicho na vijidudu, na alifariki mwaka 1984. Mwaka 1993 watafiti waligundua chanzo cha ugonjwa wa aina hiyo: kipokezi kinachotumiwa na intalukini kadhaa kwa pamoja, ikiwemo ya 2, ya 7 na ya 15, kilikuwa na hitilafu. Ishara zilikuwepo, lakini hapakuwa na sikio la kuzisikia, na seli T hazikuweza kuishi.

Siku za mwanzo za ugonjwa

Sasa turudi kwa mtoto wako anayechemka.

Kijidudu kinapoingia, seli za doria hukikamata kipande chake na kukipeleka kwenye mtoki ulio karibu. Hapo zipo seli T nyingi, na kila moja inatambua umbo moja tu. Ile inayotambua umbo la adui huyu huamka. Lakini kutambua peke yake hakutoshi. Inahitaji pia uthibitisho kutoka kwa seli ya doria, kisha saitokini inayosema "endelea". Ikikosa hizo mbili, seli hulala au hufa. Ni kama mzee wa kijiji anayesikia habari ya moto lakini hakurupuki kupiga ngoma mpaka apate mashahidi.

Ishara zote zikikamilika, seli T huanza kutoa na kupokea intalukini ya 2. Hii ni mbiu ya kuongezeka, na iligunduliwa mwaka 1976. Seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane. Ndani ya wiki moja hivi seli moja ya CD8 inaweza kuzaa maelfu ya seli zinazofanana nayo.

Wakati huohuo, saitokini nyingine zinafika kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto la mwili. Kwa hiyo homa ni sehemu ya mbiu. Pia ni sababu ya mtoto kukosa hamu ya kula, kulala sana na kulialia. Ni mwili unaotumia nguvu zake vitani.

Tambua jambo hili: jeshi huchukua siku kadhaa kukua. Malaria kali inaweza kumzidi mtoto ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana hatuwezi kusema "mwache mwili upigane wenyewe". Dawa hununua muda ambao kinga ya mtoto haina.

Vita vikiisha, askari wengi hufa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa

Adui akishindwa, mbiu hupungua. Intalukini ya 2 hushuka. Seli T zilizozaliwa kwa ajili ya vita hukosa ishara ya kuishi, na katika wiki zinazofuata seli 90 hadi 95 kati ya kila 100 hufa.

Unaweza kuhuzunika ukisikia hivyo, lakini ni neema. Jeshi kubwa likibaki na silaha mkononi bila adui, litaanza kuharibu nyumba ya mwenyewe. Mwili husafisha seli hizo bila kidonda wala usaha.

Wale 5 hadi 10 kati ya 100 wanaobaki ndio kumbukumbu. Wameendelea kuwa na masikio ya kusikia intalukini ya 7 na ya 15, na kwa posho hiyo ndogo huweza kuishi miaka mingi. Adui yuleyule akirudi, wao huamka haraka kuliko mara ya kwanza. Chanjo hutumia njia hiyohiyo: humwonesha mtoto sura ya adui bila kumpa ugonjwa, ili askari wa kumbukumbu wabaki.

Hapa kuna somo kwa pochi yako. Ukiuziwa dawa ya "kuongeza kinga" sokoni au kwenye simu, jiulize: inaongeza nini? Kinga nzuri si ile kubwa kupita kiasi. Kinga nzuri ni inayowaka kwa wakati, ikazima kwa wakati, na kuacha kumbukumbu. Hakuna chupa ya kuchanganya na maji inayoweza kupanga hayo. Fedha hiyo inunue samaki, mayai na kunde.

Malaria: mbiu inapopigwa kupita kiasi

Kimelea cha malaria hujificha ndani ya seli nyekundu za damu. Seli T za CD4 humpiga kwa kutoa intaferoni ya gama, ambayo huwachochea walaji wa vijidudu, na kwa kusaidia kutengeneza kingamwili. Wakati huohuo hutolewa saitokini nyingine kali inayoitwa TNF. Kwa kiasi, TNF husaidia kuua vimelea. Ikizidi, hudhuru mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo mwili una breki. Breki kubwa ni intalukini ya 10. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa watoto wenye malaria ambao intalukini yao ya 10 ilikuwa kidogo ikilinganishwa na TNF ndio waliokuwa na upungufu wa damu. Mbiu ilikuwa kubwa, breki ilikuwa ndogo.

Huko Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 882 tangu kuzaliwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliona kuwa mtoto aliyepata malaria kali mara nyingi alishawahi, au baadaye aliwahi, kuwa na vimelea wengi vilevile bila kuugua vikali. Maana yake, wingi wa vimelea peke yake hauelezi kila kitu. Namna mwili unavyoitikia nayo ina uzito. Kwako wewe mzazi, maana yake ni hii: "mara iliyopita alipona haraka" si dhamana kwamba safari hii itakuwa hivyo.

Mwaka huohuo wa 2014, watafiti waliofanya kazi Tororo, mashariki mwa Uganda, waliripoti kuwa kwa watoto wanaougua malaria mara kwa mara, seli nyingi za CD4 zinazoitikia malaria hutoa intaferoni ya gama pamoja na breki, yaani intalukini ya 10, kwa wakati mmoja. Breki hiyo inaweza kumpunguzia mtoto ukali wa ugonjwa, lakini inaweza pia kuwaachia vimelea nafasi ya kubaki. Ndiyo maana mtoto wa sehemu yenye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea bila joto kali, huku damu yake ikipungua polepole. Mtoto aliyepauka viganja, anayechoka haraka na kukosa hamu ya kucheza anahitaji kupimwa hata kama hachemki.

Jambo moja la kukutuliza: mtoto akiwa na malaria kali, kipimo cha picha kamili ya damu mara nyingi huonesha limfosaiti, yaani kundi la seli nyeupe ambalo seli T ni sehemu yake, zimepungua. Baadhi zimekufa, na nyingine zimetoka kwenye damu kwenda kwenye viungo. Akitibiwa, idadi hurudi ndani ya siku chache.

Surua na VVU: adui anayewashambulia askari wenyewe

Yapo maambukizi yanayovunja mpango huu mzima.

Surua ni mojawapo. Virusi vya surua huingia hasa kwenye seli za kinga zenye kumbukumbu na kuziua. Mtoto anapona vipele, lakini mwili wake umesahau maadui aliokwisha kuwashinda. Utafiti uliofanywa kwa watoto wasiochanjwa nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2019 uligundua kuwa surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Ndiyo maana mtoto aliyeugua surua anaweza kuandamwa na vichomi na kuhara kwa muda mrefu baadaye. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa Tanzania katika miezi 9 na miezi 18, humkinga na surua yenyewe na pia huokoa kumbukumbu yake yote ya nyuma. Dozi ya miezi 18 ndiyo husahaulika sana, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na anaonekana mzima. Usiisahau.

VVU ni adui mwingine. Huingia ndani ya CD4. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco, Marekani, walieleza kuwa CD4 nyingi zinazokufa ndani ya mitoki si zile ambamo virusi vinazaliana. Ni zile ambamo virusi vimejaribu kuingia vikakwama. Seli hizo hupasuka na kumwaga saitokini za uchochezi, ambazo huziita CD4 nyingine zije pale. Zikifika nazo hupasuka. Mbiu iliyokusudiwa kuleta msaada inageuka mtego.

Dawa za ARV huvunja mzunguko huo. Kwa mama anayeishi na VVU, kumeza dawa kila siku hulinda CD4 zake na kumlinda mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha. Mtoto naye apewe dawa ya kinga kama ulivyoelekezwa na apimwe mapema, kuanzia wiki 4 hadi 6. Usingoje augue.

Njaa, maziwa na tezi ya kifuani

Mtoto anapokosa chakula cha kutosha, thaimasi yake husinyaa haraka. Ni moja ya viungo vya kwanza kuumia kwa utapiamlo. Seli T mpya hupungua wakati ambao zinahitajika zaidi.

Habari njema ni kwamba thaimasi hukua tena. Lakini huchelewa. Katika utafiti uliofanywa Bolivia miaka ya 1990, watoto wenye utapiamlo mkali walirudisha uzito wao kwa kama mwezi mmoja, ilhali thaimasi ilihitaji karibu miezi miwili. Kwa hiyo mtoto wako akitoka kwenye matibabu ya lishe na mizani ikisoma vizuri, endelea na mahudhurio yote uliyopangiwa. Mashavu yamejaa, lakini jeshi bado linajengwa.

Maziwa ya mama yana sehemu ya pekee hapa. Watafiti wa Denmark waliripoti mwaka 1996 kuwa watoto wa miezi 4 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa na thaimasi kubwa karibu mara mbili ya wale waliolishwa maziwa ya kopo. Maziwa ya mama yana intalukini ya 7 ndani yake, ile posho tuliyoisema. Na utafiti kutoka Gambia, uliochapishwa mwaka 2004, ulionesha kuwa watoto waliozaliwa msimu wa njaa walikuwa na dalili za thaimasi kuzalisha seli T chache, na maziwa ya mama zao yalikuwa na intalukini ya 7 kidogo kuliko ya kina mama waliojifungua msimu wa mavuno.

Usiielewe vibaya habari hiyo. Haisemi maziwa ya mama mwenye njaa hayafai. Bado ndiyo chakula bora kwa mtoto. Inachosema ni kwamba kumlisha mama ni kumlisha mtoto. Baba, bibi, shangazi mnaosoma hapa, hili ni lenu. Miezi ya mvua, akiba ya chakula inapopungua na fedha za korosho zimeshakwisha, mama anayenyonyesha asiwe wa mwisho kupakua. Muhogo unashibisha, lakini peke yake hautoshi. Uwe na dagaa, samaki, pweza, kunde, mbaazi, kisamvu au mchicha pembeni.

Ufanye nini?

- Mtoto akichemka, apimwe malaria ndani ya saa 24. Zahanati ina kipimo cha haraka, na majibu hutoka muda mfupi baadaye.
- Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto ya ALu, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata kama joto limeshuka siku ya pili. Ya pili anapewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Ampatie maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena, kisha urudi zahanati kuomba dozi ya kufidia.
- Usigawe dozi moja kwa watoto wawili wala kuweka akiba "kwa safari nyingine".
- Usimpe mtoto prednisoloni au deksamethazoni kwa ushauri wa jirani, hata kama zinasifiwa kwa kuleta hamu ya kula. Dawa hizo ni muhimu daktari anapozihitaji, lakini huua seli T na kuficha dalili.
- Mnyonyeshe maziwa yako pekee miezi 6 ya mwanzo, kisha endelea na chakula cha nyongeza hadi miaka 2 au zaidi. Akiugua, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.
- Fuata kadi ya kliniki. Chanjo iliyochelewa bado ina faida, nenda tu, hakuna wa kukufukuza kwa sababu ya tarehe.
- Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kambini kwa wavuvi na shambani wakati wa kuokota korosho.
- Kuanzia miezi 6, apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Usisubiri kukuche ukiona haya

- Hawezi kunyonya au kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea sana, hajitambui au haamki.
- Anapumua kwa shida au kwa haraka sana.
- Viganja na midomo vimepauka, macho yamekuwa ya njano, au mkojo umekuwa mweusi.
- Ni mchanga wa chini ya miezi 2 na ana joto, au amekuwa wa baridi isivyo kawaida.

Degedege huwatisha wote nyumbani, na wapo wazee watakaotaka mtoto apelekwe kwa mganga kwanza. Waheshimu, lakini waambie kwa upole: "Bibi, twende hospitali kwanza, mengine tutazungumza tukirudi." Malaria iliyopanda kichwani inahitaji sindano, na kila saa ina thamani. Kama zahanati yenu haina uwezo, omba rufaa na usafiri mara moja kwenda kituo cha afya au hospitali ya Ligula mjini Mtwara.

Huwezi kuzihesabu seli T za mtoto wako wala kuzisikia mbiu zao. Lakini chandarua unachokichomekea chini ya godoro, titi unalompa usiku, kidonge cha sita unachokisaga siku ya tatu wakati mtoto ameshaanza kucheza mchangani, vyote hivyo vinawafikia. Ukiwa na shaka yoyote, muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako. Hakuna swali dogo linapohusu mtoto.